Kabaila Aliporudi na Kofia Nyeupe

Septemba 13, 1948, majeshi ya India yaliingia katika dola ya Hyderabad, na kabla wiki haijaisha mtawala wake, Nizam Mir Osman Ali Khan, alikuwa amesalimu amri. Vitabu vingi vya historia hufunga ukurasa hapo: mfalme wa kurithi ameanguka, nchi imeunganishwa, watu wamekombolewa. Filamu ya Kitelugu iitwayo Maa Bhoomi, yaani Ardhi Yetu, inakataa kuufunga. Inabaki kijijini baada ya jeshi kuwasili na kuangalia nani anarudi nyuma ya askari. Anayerudi ni kabaila yule yule ambaye wakulima walimtimua. Safari hii amevaa kofia nyeupe ya Congress, chama kilichopigania uhuru, na anayataka mashamba yake.

Nimetazama filamu nyingi za wakulima na ardhi, za Kihindi na za kwingineko. Chache sana zina ujasiri wa namna hii. Ni rahisi kumwonesha mnyonge akiinua rungu, adui akianguka, watazamaji wakashangilia na kwenda zao. Kumwonesha adui akibadili vazi na kulindwa na serikali mpya iliyoshangiliwa kama mkombozi ni kazi nyingine kabisa. Kwa ajili ya kazi hiyo filamu hii, iliyotoka mwaka 1980 kwa picha za nyeusi na nyeupe na bajeti ndogo, inastahili kutazamwa leo na kila mtu anayejali nani analima na nani anavuna.

Lakini kwanza tuelewe kile ambacho wakulima walikiasi.

Hyderabad ilikuwa dola yenye watu wengi kuliko zote zilizokuwa chini ya wafalme wa Kihindi wakati wa Uingereza. Ilikaliwa na watu wapatao milioni 16 katikati ya bara Hindi. Februari 1937 jarida la Time la Marekani lilimweka Nizam kwenye jalada lake kama mtu tajiri kuliko wote duniani. Utajiri huo ulikuwa na mizizi vijijini. Sehemu ya kumi hivi ya ardhi ya dola ilikuwa mali yake binafsi, karibu theluthi nyingine ikiwa mikononi mwa watukufu aliowagawia maeneo wayatawale na kuyatoza kodi. Ardhi iliyobaki, hasa upande wa Telangana wanakozungumza Kitelugu, ilimezwa taratibu na deshmukh. Hawa asili yao walikuwa wakusanya kodi tu, lakini kwa kuwa wao ndio waliozishika daftari, shamba la mkulima aliyekwama kulipa deni liliandikwa jina lao. Deshmukh wa Visnur, katika wilaya ya Nalgonda, alihesabiwa kuwa na ekari 40,000.

Nyumba ya kabaila iliitwa gadi. Ilikuwa ngome ya kuta nene, yenye ghala, zizi, mahali pa kufungia watu na pa kuchapia viboko. Mwenyewe aliitwa dora, na mtu wa kawaida hakumsemesha pasipo kuinama na kujitaja kuwa mtumwa wa miguu yake. Kila familia ya tabaka la chini ilidaiwa kazi ya shokoa, ambayo wao waliiita vetti. Mfua nguo alifua, mfinyanzi alipeleka vyungu, mgema alipeleka tembo, mchungaji alitoa kondoo siku ya sherehe, na hakuna aliyelipwa. Mkulima alilima kwanza shamba la dora ndipo ageukie lake, na maji ya bwawa la kijiji yalikwenda kwanza kwenye mpunga wa dora. Wengine walibeba machela yake mabegani. Binti wa kabaila alipoolewa, wasichana wa kijiji walipelekwa pamoja naye kama sehemu ya mahari, na huko waendako miili yao haikuwa mali yao tena.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake ya kusimama kidogo hapa. Ndani ya jiji la Hyderabad kuna mtaa uitwao A.C. Guards. Jina hilo limetokana na kikosi cha askari wa farasi wenye asili ya Afrika waliokuwa katika utumishi wa Nizam, watu ambao huko India huitwa Siddi. Na kuna mtaa wa Barkas, wenye wazao wa Waarabu wa Hadhramaut walioajiriwa kuwa askari wake, ndugu wa Washihiri tunaowajua Lamu, Mombasa na Unguja. Bahari iliyotuletea majahazi ya kaskazi iliwapeleka huko pia. Kwa hiyo tunaposoma habari za dola ya Nizam hatusomi habari za watu wa mbali sana nasi.

Uasi haukuanza na bunduki. Mwaka 1930 ulianzishwa mkutano wa Andhra, chama cha wasomi waliotaka Kitelugu kiheshimiwe katika dola ambayo lugha ya serikali ilikuwa Kiurdu. Taratibu vijana wa mrengo wa kushoto, akiwemo Ravi Narayana Reddy, ambaye mwenyewe alitoka familia ya wenye ardhi, walikigeuza kuwa chama cha wakulima, na baada ya mkutano wa Bhongir mwaka 1944 wakomunisti ndio waliokiongoza. Vijijini watu walikiita sangham tu, yaani umoja. Sangham ilifundisha jambo moja lililoonekana dogo: dora akiita watu wa shokoa, asiende mtu.

Katika kijiji cha Palakurthi alikuwepo mama wa tabaka la wafua nguo, Chityala Ailamma, ambaye watu humwita Chakali Ailamma. Alikodi ekari chache, akapanda mpunga, ukakomaa. Deshmukh wa Visnur akatuma watu wake wavune. Ailamma na wanachama wa sangham wakavuna wao, wakapeleka nafaka nyumbani kwake, wakailinda. Ilikuwa haijapata kutokea. Julai 4, 1946, katika kijiji cha Kadavendi, watu wa deshmukh huyo huyo waliufyatulia risasi umati wa wanakijiji waliokuwa katika maandamano, na kijana Doddi Komaraiah akafa. Tangu siku hiyo moto ukaenea kijiji hadi kijiji. Watu walikuwa na makombeo, fimbo, mikuki, na akina mama walibeba unga wa pilipili. Bunduki zilikuja baadaye, nyingi zikiwa zimenyang'anywa kutoka kwenye gadi zenyewe.

Kwa hesabu za wakomunisti wenyewe, uasi uliposhamiri ulikuwa umeshika vijiji vipatavyo 3,000 vyenye watu milioni tatu, na ekari kama milioni moja ziligawiwa. Hesabu za chama hupokewa kwa tahadhari. Hata tukizipunguza kwa nusu, bado tunazungumzia jambo kubwa kuliko mapambano mengi ya wakulima ya karne iliyopita.

Sasa tuirudie sinema. Aliyelitia wazo hili pumzi ni B. Narsing Rao, mzaliwa wa wilaya ya Medak mwaka 1946, mchoraji na mpenzi wa nyimbo za kijijini, ambaye naye alikulia upande wa wenye ardhi. Akishirikiana na G. Ravindranath kama watayarishaji, alimtafuta kijana Mbengali, Goutam Ghose, aliyekuwa ametengeneza filamu ya kumbukumbu iitwayo Hungry Autumn kuhusu njaa ya Bengal. Ghose hakuwa na Kitelugu. Hakuwa pia ameongoza filamu ya hadithi hata moja. Hadithi yenyewe waliichukua kwenye riwaya ya Kiurdu ya Krishan Chander, Jab Khet Jage, kisha wakaipanua kwa masimulizi ya wenyeji. Basi riwaya ya Kiurdu, mwongozaji wa Kibengali na wanakijiji wa Telangana wakakutana mahali pamoja. Nashawishika kwamba ugeni wa Ghose ulisaidia. Kwa kuwa hakuweza kutegemea maneno, alitazama: jinsi mtu anavyokaa chini mbele ya baraza la bwana, jinsi anavyoshika kitambaa chake cha kichwani mikononi, umbali anaosimama.

Kijana anayebeba hadithi, Ramaiah, aliigizwa na Sai Chand. Baba mzazi wa mwigizaji huyo, Tripuraneni Gopichand, alikuwa mwandishi mashuhuri, na aliingia katika sinema kwa kuandika Raithu Bidda ya mwaka 1939, filamu ya Kitelugu iliyosimama na mkulima dhidi ya mabwana wa ardhi. Mabwana wakalalamika, na serikali ya Uingereza ikaipiga marufuku katika baadhi ya wilaya za jimbo la Madras. Miaka 40 baadaye mwana akasimama mbele ya kamera kuendeleza kesi ile ile. Sinema ya Kitelugu inajulikana zaidi kwa miungu, mapenzi na mashujaa wa misuli, lakini mkondo huu wa pili haukukauka kamwe.

Ramaiah ni mtoto wa mkulima maskini. Anampenda Chandri, msichana wa Kilambadi, jamii ya watu waliokuwa wakihamahama na misafara. Siku moja anagundua kwamba Chandri analazimika kwenda kwa kabaila. Ghose hatuoneshi ukatili wenyewe kwa tamaa ya kamera. Anatuonesha kijana anayejua, na kijiji kinachojua, na ukimya wa wote wanaojua. Hasira ya Ramaiah haina pa kwenda. Anahama kijiji. Anafika mji wa Suryapet, halafu Hyderabad, anavuta riksho, anafanya kazi kiwandani, anakutana na watu wa chama cha wafanyakazi, anajifunza kusoma. Huko anaelewa kwamba jambo lililompata si aibu yake peke yake.

Sehemu hii ya mjini nadhani ndiyo dhaifu zaidi. Mazungumzo ya kisiasa yana harufu ya darasa, na wanaharakati wanasema sentensi ambazo mtu hazisemi akiwa amechoka na kazi. Lakini Ramaiah anaporudi nyumbani filamu inapata nguvu zake zote tena. Sangham inaundwa. Watu wanaogopa, wanapiga hesabu, wanaulizana nani atalisha watoto. Halafu wanasimama wima. Nasema hivyo kwa maana ya mwili kabisa: tangu mwanzo tumewaona migongo imepinda, na mgongo unaponyooka mtazamaji anaona mabadiliko kabla hajaambiwa lolote.

Na kuna nyimbo. Filamu hii haiwezi kutenganishwa nazo. Wimbo maarufu kuliko zote, Bandenaka Bandi Katti, ulitungwa na Bandi Yadagiri, mpiganaji wa uasi wenyewe, na unaukabili usoni utawala wa Nizam. Anayeuimba kwenye filamu ni Gaddar, kijana wa tabaka la chini aliyezaliwa wilaya ya Medak kwa jina la Gummadi Vittal Rao. Anaimba kama mtu anayedai deni, kwa sauti pana isiyopambwa, na umati unamwitikia. Gaddar baadaye akawa sauti ya harakati za mrengo mkali wa kushoto kwa miongo mingi. Aprili 1997 watu wenye silaha walimpiga risasi nyumbani kwake, na risasi moja ilibaki mwilini hadi alipofariki Agosti 2023. Wimbo mwingine, Palletoori Pillagada, uliandikwa na Suddala Hanumanthu, naye mtu wa uasi, kuhusu mtoto anayechunga mifugo ya tajiri. Nyimbo hizi zilikuwepo midomoni mwa watu miaka 30 kabla ya kamera kufika. Filamu ilizikuta, ikazipokea kwa heshima, ikazirudisha kwa wenyewe zikiwa na nguvu mpya, na hadi leo zinaimbwa mikutanoni.

Ni vema kuilinganisha na filamu ambayo wazee wetu waliokuwa wakienda sinema wanaijua vizuri zaidi, Mother India ya mwaka 1957. Pale mkopeshaji Sukhilala anainyonya familia ya Radha kwa riba miaka nenda rudi. Birju, mtoto wa Radha, anaasi, anachoma daftari za madeni, anamuua mkopeshaji. Mwisho mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu amemteka binti wa mkopeshaji na kuvunja heshima ya kijiji. Ni filamu kubwa, na machozi yake ni ya kweli. Lakini angalia mizani yake: mwasi lazima afe, na anayemuua ni mama, ndipo nchi mpya yenye mabwawa ya umwagiliaji izinduliwe. Maa Bhoomi nayo mwasi wake anakufa. Tofauti ni kwamba hakuna anayetuambia kifo chake kilihitajika ili taifa lisonge mbele. Anauawa na nguvu za dola iliyokuja kumrudishia kabaila mashamba, na mapambano yanaendelea bila yeye.

Shyam Benegal alikuwa ameigusa Telangana hiyo hiyo kabla yao, kwa lugha ya Kihindi, katika Ankur ya mwaka 1974 na Nishant ya mwaka 1975. Ankur inamalizika kwa mtoto mdogo kurusha jiwe na kuvunja kioo cha dirisha la mwenye ardhi. Nishant inamalizika kwa umati wenye ghadhabu kuivamia nyumba ya makabaila. Zote mbili ni kazi bora kabisa, ila uasi ndani yake ni mlipuko. Hauna mkutano, hauna mgawo wa ardhi, hauna siku ya pili. Maa Bhoomi inajali siku ya pili. Nani atapewa shamba lipi? Atakuwepo nani kulilinda usiku?

Historia iliipa filamu jibu chungu. Kabla jeshi la India halijaingia, wakulima walikuwa wakipigana na Razakar, wanamgambo wa Kasim Razvi waliokuwa wakiulinda utawala wa Nizam kwa kuchoma vijiji. Walitarajia, na walikuwa na haki ya kutarajia, kwamba Delhi ingekuwa upande wao. Baada ya Septemba 1948 jeshi liliwageukia. Wakomunisti wanasema wapiganaji na wanakijiji 4,000 waliuawa na maelfu wengine waliwekwa kambini. Kidonda kingine cha mwaka huo, mauaji ya Waislamu baada ya kuanguka kwa Nizam, kilifichwa kwa miongo mingi: ripoti ya kamati ya Pandit Sunderlal, iliyokadiria waliokufa kuwa kati ya 27,000 na 40,000, ilipatikana kwa umma mwaka 2013 tu. Jambo hilo linahitaji filamu yake, na linaidai India hadi leo.

Chama cha Kikomunisti kilisitisha mapambano ya silaha Oktoba 1951. Lakini si kweli kwamba yote yalipotea. Mfumo wa majagir, yale maeneo waliyogawiwa watukufu, ulifutwa mwaka 1949, na sheria ya kuwalinda wapangaji wa mashamba ikapitishwa mwaka 1950, kwa sababu watawala wapya walijua wamekalia nini. Aprili 1951 Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, alifika kijiji cha Pochampally, na mwenye ardhi mmoja akatoa ekari 100 kwa wasio na ardhi, ikawa mwanzo wa kampeni maarufu ya kuomba mashamba kwa hiari. Tusisahau hiari hiyo ilizaliwa wilaya ya Nalgonda, kitovu cha uasi. Na katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa India, wananchi wa Nalgonda walimpa Ravi Narayana Reddy ushindi mkubwa uliolishangaza taifa zima.

Kwa nini kuyasema haya leo? Kwa sababu kumbukumbu ya uasi huu inaweza kulainishwa hadi isimkere mtu yeyote. Filamu ya Kitelugu inayojulikana zaidi duniani sasa ni RRR ya mwaka 2022, iliyojipatia Oscar ya wimbo bora mwaka uliofuata. Mmoja wa mashujaa wake wawili amepewa jina la Komaram Bheem, mtu wa kweli wa kabila la Gondi aliyeuawa mwaka 1940 katika misitu ya Adilabad. Bheem wa kweli aliidai haki ya watu wake juu ya maji, msitu na ardhi, na aliowadai ni maofisa wa Nizam. Kwenye RRR anapambana na Waingereza. Najua watengenezaji walisema wazi kwamba hadithi yao ni ya kubuni, na mchezo wa filamu ile unasisimua kweli. Hata hivyo mgeni mwenye ngozi nyeupe ni adui rahisi. Adui wa nyumbani, anayezungumza lugha yako na kuabudu kwenye hekalu lako, huyo ndiye ambaye wakulima wa Telangana walikabiliana naye, na huyo ndiye Maa Bhoomi inamtazama bila kupepesa.

Upungufu wake mkubwa uko kwa wanawake. Chandri anaanza kama mtu kamili mwenye kicheko na ukaidi, lakini kadiri hadithi inavyosonga anakuwa sababu ya hasira ya Ramaiah kuliko kuwa na safari yake mwenyewe. Uasi wa kweli haukuwa hivyo. Mallu Swarajyam, msichana wa familia yenye ardhi, alishika bunduki akiwa hajafika miaka 20, akaongoza kikosi, na aliishi hadi Machi 2022 akisimulia. Mwaka 1989 kikundi cha wanawake wa Hyderabad, Stree Shakti Sanghatana, kilichapisha kwa Kiingereza masimulizi ya wanawake waliopigana Telangana, na humo wanaeleza walivyoficha wapiganaji, walivyojifungua porini, na walivyoambiwa warudi jikoni vita vilipokwisha. Ailamma naye alikuwa hai Maa Bhoomi ilipotoka. Alifariki mwaka 1985. Kwenye filamu hiyo hakuna mwanamke wa kimo chake.

Nadhani Narsing Rao mwenyewe alilitambua deni hilo, maana mwaka 1988 aliongoza Daasi. Safari hii kamera haitoki kabisa ndani ya gadi, na macho yote yako kwa Kamalakshi, kijakazi wa miaka ya 1920, aliyeigizwa na Archana. Hakuna sangham humo, hakuna wimbo wa kishujaa, hakuna anayekuja kutoka mjini na kitabu. Anafagia, anachota maji, anaitwa usiku, anapata mimba na kulazimishwa kuitoa. Daasi ilizoa tuzo tano za taifa za filamu nchini India, moja ikiwa ya mwigizaji bora wa kike kwa Archana. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa Telangana waliacha majembe na kuchukua makombeo aanze na hii, ndipo aiendee Maa Bhoomi.